Kerezo la Marehemu Lisiishie Kwenye Chuma Chakavu

Fundi seremala anapofariki, mara nyingi huacha zana ambazo warithi hawajui wazifanyie nini. Iliyo nzito na yenye kuogopwa zaidi ni kerezo, mashine inayouzungusha mti ili patasi iuchonge uwe wa mviringo. Katika mwambao wetu kazi hii ni ya kale: mafundi walikereza miguu ya vitanda kwa kuuzungusha mti kwa kamba ya upinde, kabla umeme haujafika. Inasikitisha, basi, kuona kerezo likiuzwa kwa kilo, ilhali nyumba hiyohiyo ina vijana wasio na kazi.

La kwanza kabla ya kuligusa ni sheria. Kerezo la marehemu ni mali ya mirathi. Kijana aliyekuwa akimsaidia baba yake karakanani halirithi peke yake kwa kuwa tu anaijua kazi. Mama yake na dada zake wana mafungu yao, kama yalivyobainishwa katika Suratun-Nisaa. Yalipwe madeni, utekelezwe wasia, kisha mtu mwadilifu alithamini. Kijana akilitaka, lihesabiwe katika fungu lake na wenzake wafidiwe, au warithi waliobaleghe wamwachie kwa ridhaa yao. Ama fungu la yatima, hakuna mwenye ruhusa ya kulisamehe kwa niaba yake.

Likishapatikana kwa halali, likaguliwe. Kutu ya juujuu isitutishe: mafuta ya taa, brashi ya waya na subira huiondoa. La kuhofia ni ufa katika chuma cha kusubu, kwani kuuziba ni kazi ngumu. Mhimili utikiswe kwa mkono; ukicheza, beringi zimekwisha. Kisha ncha ya mkiani isogezwe hadi ikutane na ncha ya kichwani. Zisipokutana sawasawa, huenda kitanda cha mashine kimepindika kwa kukaa vibaya sakafuni. Kisawazishwe kwa pimamaji na vipande vya bati, kisha miguu ifungwe kwa bolti. Kimo kizuri ni ncha kuwa usawa wa kiwiko cha mkerezaji.

Mashine nyingi zilizotoka viwandani zina mota ya umeme wa fezi tatu, na nyumba zetu nyingi zina fezi moja. Kazi hii apewe fundi umeme mwenye leseni, naye asisahau waya wa kwenda ardhini. Mwendo nao una hesabu yake. Mota ya mizunguko 1440 kwa dakika, ikiwa na puli ya inchi 2 inayovuta puli ya inchi 6, huuzungusha mti mara 480, mwendo wa kuanzia usio na papara. Puli hizo zikibadilishana nafasi, mti utazunguka mara 4320, na gogo lisilo sawa litaruka na kumjeruhi mtu.

Kwa hiyo, kila kipande kizungushwe kwanza kwa mkono kabla ya kuwasha, na mkerezaji asimame pembeni. Miwani ya kukinga macho ni lazima. Kanzu yenye mikono mipana, pete na mtandio unaoning'inia havina nafasi hapo. Binti anayejifunza afunge ushungi wake na ncha zake azifiche ndani ya nguo. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kusumbua kifua, basi barakoa ivaliwe, na karakana isiwe chumba wanamolala watoto. Swichi ifungiwe wakati fundi hayupo. Jirani naye ana haki yake: kelele zisizidi mchana, na adhana ikilia mashine izimwe.

Katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, tumeelezwa kwamba Nabii Zakaria (a.s.) alikuwa seremala. Kazi ya mikono, basi, si ya kuonewa haya na kijana wa Kiislamu wala na wazazi wake. Mguu wa meza, mwiko na mchi vyote huanzia kwenye gogo la mwembe lililodhaniwa kuni. Mwenyezi Mungu awarehemu mafundi wetu waliotangulia, na azijaalie zana walizotuachia ziwe riziki ya halali kwa watoto wao. Amin.