Je, Wajua? Saa 72 za Fundi wa Nyuklia

Kinu cha nyuklia hakizimwi papo hapo kila kifaa kinapoharibika. Nchini Marekani, jenereta moja ya dizeli ya dharura ikifa, kanuni ya kawaida hutoa saa 72 kuitengeneza. Zikipita, kinu huzimwa. Mwenye kinu aweza kumwomba mdhibiti, NRC, muda kidogo zaidi, ila sharti aonyeshe kwamba kungoja hakuhatarishi watu. Kuzima kwa pupa nako kuna hatari zake.

Kenya nayo iliunda mdhibiti wake wa nyuklia, KNRA, kwa sheria ya 2019. Wakazi wa Uyombo, Kilifi, walioandamana mwaka 2024 kupinga mpango wa kujenga kinu cha nyuklia huko, pamoja na jirani zao wa Ganze, wana haki ya kuuliza mapema: kinu kikijengwa, nani ataongeza saa za matengenezo, na wananchi wataarifiwa lini?