Je, Wajua? Hedfoni na Risiva ya Sinema ya Nyumbani

Watoto wamelala, majirani wamezima taa, na wewe unataka filamu yenye mizinga na ngurumo. Hapo ndipo hedfoni inapohitajika. Swali ni ipi. Hedfoni ya bei mbaya inaweza kupwaya kwenye risiva yako huku ya bei nafuu ikitamba. Tunayoizungumzia hapa si risiva ya dishi, bali ile inayoendesha spika tano au zaidi pamoja na sabufa. Sasa twende mbio.

Je, wajua kwamba tundu la hedfoni kwenye risiva nyingi halina amplifaya yake? Mtengenezaji huchukua umeme uleule unaokwenda kwenye spika, huupunguza kwa rezista, kisha huufikisha tunduni. Ni njia rahisi na inafanya kazi. Ila rezista hiyo ndiyo inayoamua hedfoni ipi itaelewana na risiva yako na ipi itanuna.

Je, wajua ile "ohm" iliyoandikwa kwenye boksi inapima nini? Inapima ukinzani, yaani kiasi ambacho hedfoni inauzuia umeme kupita. Audio-Technica ATH-M50x ina ohm 38. Sennheiser HD 600 ina ohm 300. Beyerdynamic DT 770 Pro imeuzwa kwa matoleo ya ohm 32, 80 na 250: umbo moja, tabia tatu. Ukinunua bila kusoma namba hiyo, umenunua nusu ya habari.

Je, wajua hesabu yake ilivyo? Chukua risiva yenye rezista ya ohm 330. Hedfoni ya ohm 32 itapata takriban asilimia 9 tu ya volti zilizopo. Ya ohm 300 itapata karibu nusu. Kwa kuwa amplifaya ya spika ina volti za kumwaga, mara nyingi sauti itatosha kwa zote mbili. Tatizo linajitokeza kwenye ladha ya sauti.

Je, wajua kwamba ohm za hedfoni hazitulii mahali pamoja? Ile HD 600 ya ohm 300 hupanda kupita ohm 500 inapopiga besi ya karibu hezi 100. Kwenye risiva ya mfano wetu, besi hiyo itaongezeka kwa desibeli kama mbili ambazo mhandisi wa filamu hakuziweka. Kuna wanaoipenda nyongeza hiyo, na kuna wanaolalamika kwamba besi imevimba. Ndiyo maana watu wawili wenye hedfoni moja na risiva tofauti hubishana mpaka asubuhi, na wote wako sahihi.

Je, wajua kanuni ya moja ya nane? Mafundi wengi wa sauti hushauri ukinzani wa tundu usizidi moja ya nane ya ukinzani wa hedfoni. Kwa hedfoni ya ohm 32, tundu lisizidi ohm 4. Kwa ya ohm 300, lisizidi 37 na nusu. Risiva ya rezista kubwa haiwezi kuitimiza kanuni hiyo kwa hedfoni yoyote ya kawaida, lakini ya ohm 250 au 300 huumia kidogo kuliko ya ohm 32. Kwa risiva ya namna hiyo, ohm nyingi ni rafiki. Kwenye simu ya mkononi yenye volti chache, mambo hugeuka juu chini.

Je, wajua kwamba rezista hizo ziliwahi kubarikiwa na kanuni za kimataifa? Kiwango cha IEC 61938 cha mwaka 1996 kilipendekeza tundu la hedfoni liwe na ukinzani wa ohm 120. Hedfoni za zamani zilikuwa na ohm nyingi mno, kwa hiyo hazikujali. Sennheiser HD 414 ya mwaka 1968 ilikuwa na ohm 2,000!

Je, wajua kwamba HD 414 hiyohiyo ndiyo iliyoleta sokoni hedfoni zilizo wazi kwa nyuma? Za wazi huruhusu sauti ipumue, nayo husikika pana kana kwamba inatoka nje ya kichwa. Kwa filamu ni raha tupu. Lakini sauti huvuja: aliyelala kando yako atasikia risasi zote. Kama shabaha ni usingizi wa mwenzio, chagua zilizofunikwa.

Je, wajua kwamba miwani inakula besi? Hedfoni zilizofunikwa hutegemea mto wake ukumbatie sikio bila upenyo. Mkono wa miwani ukiinua mto huo, besi hutorokea hapo. Mvaa miwani na aende dukani na miwani yake. Na kwa filamu ya saa tatu kwenye joto, mto wa kitambaa huwa mwepesi kwa ngozi kuliko ule wa ngozi bandia, ingawa hauzibi sauti vizuri kama huo.

Je, wajua kwamba ohm pekee hazisemi hedfoni itavuma kiasi gani? Tafuta namba nyingine: desibeli kwa miliwati moja. Kila desibeli 10 zinazopungua hudai nguvu mara 10. HiFiMan HE-6 inajulikana kwa uvivu wake: desibeli 83.5 kwa miliwati. Hedfoni ya desibeli 103.5 hufika ilipo kwa nguvu ndogo mara 100. Baadhi ya wenye HE-6 waliishia kuiunganisha kwenye matundu ya spika. Usiige kwa pupa: hedfoni ya kawaida itaungua, na plagi inayochanganya waya hasi za kulia na kushoto inaweza kuiua amplifaya.

Je, wajua kwamba zipo hedfoni zisizoingia kwenye tundu hilo hata kidogo? Kampuni ya Stax ya Japani ilitoa hedfoni za umemetuli mwaka 1960, na mfumo wake wa Pro hutaka volti 580. Hata hivyo Stax iliwahi kuuza visanduku vya kubadili umeme vilivyounganishwa kwenye matundu ya spika za amplifaya.

Je, wajua kwamba hedfoni za kisasa zilianzia jikoni? Mwaka 1910, Nathaniel Baldwin wa Utah, Marekani, alikuwa akiziunda jikoni kwake, na jeshi la majini la Marekani likawa mteja wake. Naye John Koss wa Milwaukee, mwaka 1958, alikuwa na gramafoni ya kubebeka ya kuonyesha watu. Hedfoni za stirio zilikuwa kikorombwezo tu. Watu wakaipita gramafoni, wakaulizia hedfoni.

Je, wajua kwamba plagi nene ya milimita 6.35 unayoichomeka ni urithi wa karne ya 19? Ilitumiwa na wahudumu wa simu kuunganisha wapigaji. Kama hedfoni yako ina plagi ya milimita 3.5, nunua adapta. Angalia pia unapochomeka: risiva nyingi zina tundu la milimita 3.5 kwa mbele, ila ni la maikrofoni ya kupimia chumba. Hapo hedfoni haitatoa kitu.

Je, wajua kwamba kusikiliza kwa masikio mawili kulianza na opera? Kwenye Maonyesho ya Umeme ya Paris ya mwaka 1881, Clément Ader aliweka maikrofoni kwenye jukwaa la Opera, na wageni wakasikiliza mbali na hapo kwa vipokezi viwili vya simu, kimoja kila sikio. Miaka 50 baadaye, mwaka 1931, Alan Blumlein wa EMI nchini Uingereza aliomba hataza ya stirio. Kilichomkera ni sinema: mwigizaji anatembea upande huu, sauti yake inabaki upande ule.

Je, wajua ubongo unajuaje sauti inatoka wapi? Hupima, pamoja na mengine, tofauti ya muda kati ya sikio na sikio, na tofauti hiyo haizidi sana milisekunde 0.7. Hedfoni hazina tofauti hiyo ya asili, ndiyo maana sauti hukaa katikati ya kichwa. Yamaha huiigiza kwa Silent Cinema. Risiva nyingine zilikuja na Dolby Headphone, iliyotokana na kazi ya kampuni ya Lake ya Australia. Kazi hiyo hufanywa ndani ya risiva, kwa hiyo hedfoni ya kawaida ya stirio inatosha. Huhitaji zile zenye spika lukuki ndani ya kila sikio.

Je, wajua nini hutokea usipowasha teknolojia hizo? Risiva hukunja chaneli zote ziwe mbili. Mazungumzo ya spika ya katikati hugawanywa kulia na kushoto, na chaneli maalumu ya sabufa kwa kawaida hutupwa. Ukiona mlipuko umekosa kishindo, usikimbilie kuilaumu hedfoni.

Je, wajua kwa nini midomo na maneno hukosana kwenye Bluetooth? Sauti hufungashwa, husafirishwa, hufunguliwa, na mara nyingi huchelewa zaidi ya milisekunde 100. Utafiti uliomo kwenye pendekezo la ITU la BT.1359 unaonyesha watazamaji hugundua sauti ikichelewa kwa milisekunde 125, au ikitangulia kwa 45. Kitufe cha kulinganisha midomo kwenye risiva hakikuokoi, maana huchelewesha sauti, nayo yako tayari imechelewa. Teknolojia ya aptX Low Latency hushuka hadi karibu milisekunde 40, mradi mtumaji na hedfoni vyote viwe nayo.

Je, wajua kwamba waya si njia pekee ya kulikwepa tatizo hilo? Hedfoni za redio zenye kituo chake, kama za familia ya Sennheiser RS, huchomekwa kwenye risiva au televisheni na kuvuka kuta. Za mwanga wa infraredi hazivuki ukuta, na jua la dirishani huzisumbua. Ukitumia waya wa mwanga kutoka kwenye televisheni na kituo kikakaa kimya, weka sauti ya televisheni kwenye PCM. Vituo vingi havielewi Dolby.

Je, wajua kwamba hedfoni mbili kwenye tundu moja hugawana umeme? Mbili za ohm 32 huonekana kama moja ya ohm 16, na kwenye rezista kubwa zote hupungua sauti. Zikiwa za aina tofauti, mmoja atasikia kelele na mwenzake mnong'ono. Wanandoa wanunue zinazofanana.

Je, wajua masikio yana bajeti? Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75. Ukifika 90, bajeti inashuka hadi saa nne, yaani filamu mbili. Mtego wa filamu ni kwamba tunaongeza sauti ili tusikie minong'ono, kisha mlipuko unatukuta na sauti ikiwa juu. Washa modi ya usiku ya risiva. Hupandisha minong'ono na kushusha milipuko.

Na je, wajua kwamba kwenye risiva nyingi kuchomeka hedfoni huzima spika, na kuichomoa huziwasha papo hapo? Punguza sauti kwanza, ndipo uchomoe. Ukisahau, nyumba nzima itajua filamu imeishaje.