Je, Wajua? Wastaafu na Ndege wa Boquete

Boquete ni mji mdogo wa nyanda za juu magharibi mwa Panama, chini ya volkano ya Barú yenye kimo cha mita 3,474. Wastaafu wengi wa Marekani na Kanada wamehamia huko. Hali ya hewa ni ya ubaridi kiasi, na fedha inayotumika madukani ni dola ya Marekani. Mgeni anayethibitisha pensheni ya maisha isiyopungua dola 1,000 kwa mwezi anaweza kuomba kibali cha ukaazi. Sheria ya mwaka 1987 humpa pia punguzo la asilimia 25 kwenye nauli ya ndege na nusu bei ya sinema, sawa na mstaafu mzawa.

Miongoni mwa wastaafu hao, wenye mapenzi na ndege wa porini hudamkia msituni, darubini shingoni. Wanayemsaka hasa ni ketzali, ndege wa kijani ambaye dume lake lina kifua chekundu na manyoya ya mkia yanayoning'inia kwa zaidi ya nusu mita. Chakula chake kikuu ni parachichi mwitu: hulimeza zima, kisha hutapika kokwa, na hivyo kuueneza mti unaomlisha. Hutaga kwenye tundu la mti uliooza, kwa kawaida mayai mawili. Dume na jike hupokezana kuatamia, na zamu ya dume haifichiki, maana mkia huchungulia nje. Huonekana kwa urahisi zaidi msimu wa kuzaliana, katika miezi ya mwanzo ya mwaka. Masika yakikolea, mtazamaji huweza kuloa bure.