Baiskeli mpya, gurudumu la nyuma limekaa upande: lipime kabla ya kupakia

Neno bodaboda, ambalo leo linasikika Kampala, Nairobi hadi Dar es Salaam, lilizaliwa kwenye mpaka wa Kenya na Uganda. Tangu miaka ya 1960, waendesha baiskeli wa Busia walikuwa wakivusha watu na mizigo katika eneo lililo kati ya vituo viwili vya forodha, boda hadi boda. Baadaye pikipiki zilikuja zikachukua abiria wengi, na Februari 2018 Busia ikazinduliwa kituo cha pamoja cha mpaka. Hata hivyo, baiskeli haijastaafu. Kuanzia Busia hadi Tororo bado inabeba mahindi, makaa, ndizi na mifuko ya saruji, na bado inalisha familia.

Kwa mtu anayeitegemea hivyo, baiskeli mpya ni mtaji. Tatizo ni kwamba baiskeli nyingi za mizigo hufika madukani zikiwa vipandevipande, nyingi zikitoka India au China, kisha fundi huziunga hapo hapo. Mnunuzi hukagua rangi, kengele, keria na tairi, akalipa, akaondoka. Ni wachache wanaochuchumaa nyuma ya baiskeli kutazama kama gurudumu la nyuma limekaa katikati.

Gurudumu hilo ndilo linalobeba sehemu kubwa ya uzito wa mwendeshaji na karibu uzito wote wa mzigo ulio kwenye keria. Katika baiskeli nyingi za kizamani zenye breki za vyuma, gurudumu la mbele lina spoku 32 na la nyuma 40, kwa sababu la nyuma ndilo punda. Likikaa upande, raba moja ya breki husugua rimu huku nyingine ikibaki hewani. Mzigo ukiongezeka, tairi linaweza kugusa fremu na kulika ubavuni. Spoku zilizolegea nazo huchoka kila gurudumu linapozunguka, mpaka siku moja zikatike mteremkoni, gunia likiwa nyuma.

Kosa liko wapi?

Inua gurudumu la nyuma, lizungushe taratibu, ukitazama rimu inapopita kati ya vyuma vya fremu. Usitazame tairi, maana tairi lenyewe linaweza kuwa limevalishwa vibaya.

Rimu ikicheza, mara huku mara kule, gurudumu limepinda mahali fulani au spoku chache zimekazwa kuliko nyingine. Ikipita imetulia lakini iko karibu zaidi na upande mmoja, hilo ni tatizo jingine, na linaweza kuwa na chanzo kimoja kati ya vitatu: ekseli, spoku au fremu.

Anza na ekseli, kwa kuwa kuirekebisha hakugharimu kitu. Ekseli hukaa katika mianya miwili inayoiruhusu kusogea mbele na nyuma ili kukaza mnyororo. Fundi mwenye haraka anaweza kuvuta upande mmoja kuliko mwingine. Hapo rimu itakuwa upande pale mbele, karibu na pedali, lakini juu, chini ya keria, itakuwa katikati au karibu na katikati. Legeza nati zote mbili, nyoosha gurudumu, hakikisha mnyororo una ulegevu kidogo, kisha kaza nati kwa zamu, kidogo kidogo.

Kama rimu imeegemea upande ule ule mbele na juu, usiguse spoku kwanza. Pindua baiskeli isimame kwa kiti na usukani. Weka alama kwa chaki upande ambao rimu imekaribia fremu. Toa mnyororo, fungua gurudumu, uligeuze ili upande wa friwili uwe mahali pa upande wa pili, kisha ulirudishe hadi ekseli ikae vizuri kwenye mianya yake. Huhitaji kufunga mnyororo wala breki.

Sasa tazama chaki yako. Rimu ikiwa imehamia upande mwingine wa fremu, kosa liko kwenye gurudumu. Ikiwa imebaki upande ule ule, gurudumu halina hatia. Fremu ndiyo iliyopinda. Kipimo hiki huchukua dakika chache, na huzuia mtu kukaza spoku nzima siku nzima ili zifiche fremu mbovu.

Fremu ina shahidi wake mwingine, nao ni uzi. Funga uzi kwenye mwanya wa ekseli upande mmoja, upitishe mbele kuzunguka shingo ya fremu, kisha uurudishe hadi mwanya wa upande wa pili. Uvute ukaze. Kwa rula, pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Vipimo vikitofautiana kwa kiasi kinachoonekana wazi, fremu haiko sawa. Baiskeli mpya ya namna hiyo si ya kupelekwa kwenye nyundo chini ya mti. Ni ya kurudishwa dukani.

Spoku zinavyovuta

Kama kosa ni la gurudumu, kuna dawa. Spoku 20 hutoka upande wa mnyororo na 20 upande wa pili, kila kundi likivuta rimu kwake. Kwa kuwa friwili huchukua nafasi, spoku za upande wa mnyororo mara nyingi huhitaji kukazwa zaidi. Fundi akizikaza zote sawa, rimu huelekea kuhama kidogo upande usio na mnyororo. Hilo ni kosa la kawaida katika magurudumu yaliyofungwa kwa haraka.

Kurekebisha, toa upepo kwanza. Anzia kwenye tundu la valvu ili ujue ulipoanzia. Ili kuivuta rimu kuelekea upande wa mnyororo, legeza spoku za upande wa pili kwa robo mzunguko kila moja, kisha kaza za upande wa mnyororo kwa robo hiyo hiyo. Zungusha gurudumu, pima tena, rudia. Vile vinati vidogo vinavyoshika spoku kwenye rimu hukaza vikizungushwa kama mishale ya saa ukiviangalia kutoka upande wa tairi. Wengi huvitazama kutoka katikati ya gurudumu na kuvizungusha kinyume. Mwisho, vua tairi uhakikishe hakuna ncha ya spoku iliyochomoza ndani. Ikiwepo, ipigwe tupa kabla haijatoboa tyubu.

Nani abebe gharama?

Pande zote mbili za mpaka, sheria inamlinda mnunuzi. Kenya ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, na Uganda ina sheria ya mwaka 2017 ya uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma. Zote zinamtaka mfanyabiashara auze bidhaa yenye ubora unaofaa. Lakini sheria ya Kenya ina kipengele ambacho mnunuzi asikisahau: akiikagua bidhaa kabla ya kununua, hawezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Kwa hiyo ukitazama, tazama sawasawa, ukiwa bado dukani.

Kwa mkazi wa mpakani jambo hili lina uzito zaidi. Anaweza kununua Busia ya Kenya, akaishi Tororo na kufanya kazi kote kuwili. Kumrudia muuzaji kunamaanisha kuvuka mpaka tena na kupoteza siku ya kazi. Mali bila daftari hupotea bila habari: dai risiti yenye jina la duka, tarehe na namba ya fremu. Mwombe fundi wa duka azungushe gurudumu mbele yako, na kama kuna shaka, aligeuze.

Hata gurudumu lililofungwa vizuri hulegea kidogo spoku zinapotulia mahali pake. Baada ya wiki ya kwanza ya kazi, zishike mbilimbili kwa vidole ukizibana, upande mmoja kisha mwingine. Itakayocheza kuliko wenzake ikazwe siku hiyo hiyo, kabla ya gunia la kesho.