Irabu ya Kitibeti yenye sura moja na namba mbili

MTU anayetafuta silabi moja ya sala katika kitabu cha Kitibeti kilichohifadhiwa kwenye kompyuta anaweza kujibiwa kwamba silabi hiyo haimo, ilhali macho yake yanaiona ukurasani.

Hitilafu hiyo haitokani na ubovu wa mashine, bali na namna alama za irabu za maandishi hayo zilivyopewa namba.

Kompyuta haitambui herufi kwa umbo lake. Kila herufi huwa na namba yake, na orodha ya namba hizo inayotumika duniani kote huitwa Unicode. Humo, Kitibeti kimetengewa nafasi kuanzia 0F00 hadi 0FFF.

Kiswahili huandika irabu zake tano kama herufi kamili. Kitibeti huandika konsonanti, kisha huipachika alama ya irabu: 'i', 'e' na 'o' hukaa juu, na 'u' hukaa chini. Konsonanti isiyo na alama husomwa kwa sauti ya 'a'.

Maneno ya asili ya Kitibeti hutosheka na alama hizo nne. Tatizo huanza kwa maneno ya Kisanskriti yaliyoingia pamoja na dini ya Kibudha, kwani lugha hiyo hutofautisha irabu fupi na ndefu. Ili kuonyesha urefu, alama nyingine ndogo huongezwa chini ya konsonanti.

Mfano ulio wazi ni silabi ya mwisho ya sala ijulikanayo kama 'Om mani padme hum', ambayo Watibeti huichonga kwenye mawe. 'U' yake ni ndefu, hivyo chini ya 'h' hukaa alama mbili: ya urefu, yenye namba 0F71, na ya 'u', yenye namba 0F74.

Hata hivyo, Unicode inayo pia namba 0F75, inayowakilisha alama zote mbili kwa pamoja. Kwa msomaji hakuna tofauti yoyote. Lakini programu inayolinganisha namba pekee huona maneno mawili yasiyohusiana. Hali ni hiyo hiyo kwa 'i' ndefu, iliyopewa namba 0F73.

Kwa nini namba hizo za ziada hazifutwi? Kitibeti kiliingizwa katika toleo la kwanza la Unicode mwaka 1991, kikaondolewa mwaka 1993, na kurejeshwa kwa mpangilio mpya katika toleo la 2.0 la mwaka 1996. Herufi zilizomo tangu toleo hilo haziondolewi tena, maana kuziondoa kungeharibu nyaraka zilizokwisha kuandikwa. Kwa sababu hiyo 0F73 na 0F75 zimebaki, ingawa waandishi wanashauriwa wasizitumie.

Dawa iliyopo ni usawazishaji. Kabla ya kulinganisha maneno, programu huivunja 0F75 kuwa 0F71 na 0F74. Pia huzipanga alama kwa daraja: ya urefu ina daraja la 129, ya 'i' 130 na ya 'u' 132. Kwa hiyo alama ya urefu hutangulia daima, hata kama mwandishi alianza kugonga nyingine.

Suala hili lina uzito mkubwa kwa urithi wa Tibet. Kituo kilichoanzishwa mwaka 1999 nchini Marekani na mtaalamu Gene Smith, aliyefariki dunia mwaka 2010, kimehifadhi kwa njia ya kidijitali mamilioni ya kurasa za vitabu vya Kitibeti, ambavyo vingi vilikuwa hatarini kupotea. Picha za kurasa hizo zinapogeuzwa kuwa maandishi, kila irabu hulazimika kupewa namba.

Kitabu kilichookolewa lakini kisichoweza kutafutwa ni sawa na kitabu kilichofungiwa kabatini. Ndiyo maana mwandishi hutakiwa kutumia alama mbili, ya urefu ikitangulia, na mtengenezaji wa programu kusawazisha kabla ya kutafuta.