Nyuzi Upande Huu, Springi Upande Ule

Sogeeni wajukuu zangu, tena wewe mwenye gitaa la umeme ukae hapa mbele. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ni ya mtu wa kweli, Mmarekani aitwaye Floyd Rose, aliyepiga gitaa kwenye bendi ya roki miaka ya 1970 na wakati huohuo akawa anatengeneza vito. Hilo la vito likumbukeni, lina kazi huko mbele.

Zamani kidogo kabla yake, mwaka 1954, kampuni ya Fender ilitoa gitaa liitwalo Stratocaster. Briji yake, yaani kile chuma kinachoshika nyuzi upande wa mkono unaopiga, ilikuwa na uwezo wa kuinama. Nyuma ya gitaa, ndani ya shimo lililofunikwa, springi ziliivuta kinyume cha nyuzi. Ukisukuma mkono wa chuma uliochomekwa kwenye briji, nyuzi zinalegea na sauti inashuka. Ukiuachia, springi zinairudisha mahali pake. Chombo hicho chote ndicho tunachokiita tremolo. Mpigaji gitaa Jimi Hendrix aliutumia mkono huo kwenye tamasha la Woodstock, Agosti 1969, alipopiga wimbo wa taifa wa Marekani, akalifanya gitaa lilie na kunguruma hata leo watu wanasikiliza kwa mshangao.

Lakini palikuwa na tatizo. Briji ilirudi, noti hazikurudi. Uzi unapolegea na kukazika tena, unateleza juu ya kizingiti, kile kipande chenye mikato kilichopo shingo inapokutana na kichwa cha gitaa. Msuguano wa pale unaunasa uzi kabla haujarudi ulipokuwa. Kule kwenye vigingi vya kukazia nyuzi nako, mizunguko ya uzi inajikaza na kujilegeza. Kosa dogo kabisa, hata lisiloonekana kwa jicho, sikio linalikamata. Kwa hiyo mpigaji aliyeshusha nyuzi kwa nguvu alilazimika kutyuni upya huku watu wanamsubiri.

Floyd Rose akauelewa ugonjwa kabla ya kutafuta dawa, na hapo ndipo ninapompendea. Kama uzi unapotea kwa sababu unateleza, basi uzuiwe kuteleza. Alikuwa na vifaa vya kuchongea vito, akavitumia kutengeneza kizingiti cha shaba chenye vibanio vya kuziminya nyuzi. Shaba ilikuwa laini mno kwa kazi hiyo, akaibadilisha kwa chuma kigumu. Upande wa briji nako kila uzi ukabanwa kwa skrubu yake. Uzi ukawa umefungwa huku na huku, hauna pa kukimbilia. Mwaka 1979 akapewa hataza ya ubunifu huo. Eddie Van Halen alikuwa miongoni mwa wapigaji wa kwanza kuutumia, na miaka ya 1980 magitaa ya roki yakajaa chombo hicho.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana anayelielewa jambo hili hataonewa na fundi wala muuza duka. Briji ya namna hii inasimama juu ya nguzo mbili fupi kwa makali mawili yaliyochongwa kama ya kisu, na katika magitaa mengi haigusi mbao kabisa. Inaelea. Kinachoishikilia ni mchezo wa kuvuta kamba: nyuzi timu moja, springi timu nyingine, na hakuna anayeshinda. Nyuzi sita nyembamba, zile za 9 hadi 42 kwa kipimo cha unene cha elfu za inchi, zikiwa kwenye tyuni ya kawaida zinavuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 35. Za 10 hadi 46 zinapita kilo 45. Springi lazima zivute kiasi kinacholingana na hicho, si zaidi, si pungufu.

Kutokana na hapo mtayatambua mengine wenyewe. Uzi mmoja ukikatika, springi zinashinda na nyuzi tano zilizobaki zinapanda zote. Ukishusha uzi mnene peke yake upate tyuni nyingine, wenzake wanapanda. Ukiweka nyuzi nene kuliko zilizokuwepo, briji inainama mbele, na itakubidi ukaze zile skrubu mbili zilizoshikilia springi nyuma, au uongeze springi. Ukivuta uzi mmoja pembeni kwa kidole, nyingine zinashuka kidogo. Hakuna kilichoharibika hapo.

Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi ni hili: unapiga nini? Kama bendi yako inabadilisha tyuni kila baada ya nyimbo mbili, gitaa la namna hii litakutesa, na ningekushauri uchukue lenye briji isiyotembea. Kama moyo wako uko kwenye noti zinazopiga mbizi na kurudi safi, hakuna chombo kinachoshinda hiki.

Dukani, litazame gitaa kwa ubavu: bamba la briji liwe sambamba na mwili. Shusha mkono mpaka nyuzi zilegee kabisa, achia, angalia kifaa cha kutyunia. Kisha uvute juu, achia, angalia tena. Noti ikirudi mara zote mbili, makali ni mazima. Isiporudi mahali pamoja, huenda makali yamekwisha, na katika briji za bei ya chini zilizosubuliwa kwa aloi laini hayo huisha mapema. Tikisa nguzo taratibu. Zikicheza ndani ya mbao, au ukiona ufa kandokando yake, liache gitaa hilo. Mimi ningenunua gitaa lililotumika lenye briji ya chuma kizuri kuliko jipya linalong'aa lenye briji dhaifu.

Na anayetaka kulibadilisha gitaa lake la kawaida? Hapo naomba subira. Kuweka briji inayoelea kunahitaji kuchimba mwili wa gitaa na kukata mbao ya shingo ili kizingiti kipya kikae. Mbao iliyokatwa hairudi. Hata kubadilisha tremolo moja kwa nyingine ya aina hiyohiyo kunataka upimaji: nafasi kati ya nguzo, ambayo kwa ile asilia ya Floyd Rose ni milimita 74 na kidogo, kina cha shimo, na upana wa kizingiti.

Yapo mabadiliko mepesi yasiyoumiza kitu. Kipande cha mbao kikichongwa vizuri na kuwekwa ndani ya shimo la nyuma kinaizuia briji isirudi nyuma kupita kiasi, ikabaki na uwezo wa kushuka tu. Eddie Van Halen alipenda briji yake iwe hivyo, imelala juu ya mwili. Uzi ukikatika, nyingine zinabaki kwenye tyuni. Mpigaji mwingine, Steve Vai, alitaka kinyume chake: gitaa lake la Ibanez JEM la mwaka 1987 lilichongwa mbao nyuma ya briji ili aweze kuvuta noti juu sana. Kwa anayeanza, naipendelea njia ya Eddie.

Siku ya kubadilisha nyuzi, badilisha mmoja mmoja ili timu zisipoteane. Kata kile kishikizo cha mwisho wa uzi kwa koleo, ubane uzi kwenye briji kwa alenki, utyuni kwa vigingi, uuvute kwa vidole mpaka uache kushuka. Zile skrubu ndogo za kutyunia zilizo kwenye briji ziache katikati ya safari yake, maana ukishafunga kizingiti vigingi havina kazi tena, na hizo ndizo utakazobaki nazo. Funga kizingiti mwisho kabisa, kwa kukaza kiasi. Ukilazimisha, tundu la skrubu litalika. Na nguzo za briji usizipandishe wala kuzishusha nyuzi zikiwa zimekazwa. Legeza kwanza, la sivyo utayaharibu yale makali mawili.