Si Utundu wala Uvivu: Kujitambua na Kusindikizwa kwa Wenye ADHD

Karibu kila mwalimu amewahi kuwa na mwanafunzi wa namna hii. Hakai kitini. Anajibu kabla swali halijaisha. Kalamu anapoteza, daftari anasahau, na kazi aliyoianza vizuri asubuhi haimalizi. Nyumbani anatumwa chumvi, anarudi mikono mitupu. Watu humwita mtundu, mvivu, kichwa maji, na wengine husema amerogwa. Mwisho wake ni viboko, na baada ya viboko mambo hubaki yale yale.

Wengine ni watu wazima. Ana kazi na ana familia, lakini ankara hailipwi kwa wakati, miadi inasahaulika, hasira zinawaka upesi, na kila siku anaahidi kwamba kesho atajirekebisha. Katika ukurasa huu tunapenda kueleza hali inayojulikana duniani kwa herufi ADHD, na hasa namna mtu anavyoweza kuishi nayo vizuri akijitambua na akipata mtu wa kumsindikiza.

ADHD ni nini?

Ni hali ya ubongo inayoanza utotoni, ambayo humfanya mtu ashindwe kutuliza mawazo, ashindwe kutulia mwili, au atende kabla ya kufikiri. Wengine wana yote matatu. Wengine, na hasa wasichana wengi, hawana vurugu yoyote: wanakaa kimya nyuma ya darasa huku mawazo yako mbali. Hao husahauliwa kwa sababu hawamsumbui mtu.

Hali hii si jambo jipya. Mwaka 1902 daktari wa watoto George Still aliwaeleza madaktari wenzake mjini London habari za watoto wenye akili ya kutosha walioshindwa kabisa kujitawala. Jina la ADHD lenyewe lilianza kutumika mwaka 1987 katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani. Inakadiriwa kwamba watoto 5 katika kila 100 wanayo. Maana yake, katika darasa la watoto 60 yafaa mwalimu ategemee kuwa nao kama watatu. Kwa watu wazima hukadiriwa kuwa 2 au 3 katika kila 100, maana wapo wengi ambao hali hii haiwaachi wanapokua.

Chanzo chake kikubwa ni urithi. Aghalabu mtoto mwenye ADHD ana mzazi, mjomba au shangazi aliyekuwa vivyo hivyo. Kuzaliwa kabla ya wakati na kuwa na uzito mdogo huongeza uwezekano wake. Haisababishwi na malezi mabaya, wala haiambukizi, wala si laana.

Lakini tuwe waangalifu. Si kila mtoto mchangamfu ana ADHD. Madaktari wanataka dalili ziwe zimedumu miezi sita au zaidi, ziwe zimeanza kabla ya umri wa miaka 12, zionekane mahali zaidi ya pamoja, mathalani nyumbani na shuleni, na ziwe zinamharibia mtu maisha yake. Mtoto asiyesikia vizuri, asiyeona ubao, mwenye njaa, mwenye kifafa au anayeteswa nyumbani anaweza kuonekana vivyo hivyo. Kwa hiyo kwanza apimwe.

Kujitambua ndio mwanzo

Wahenga wetu walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mwenye ADHD hana akili pungufu. Tatizo lake ni lile la kuiongoza akili aliyo nayo. Anajua la kufanya, lakini hashiki la kufanya wakati unaotakiwa. Na jambo moja linalomsumbua sana ni wakati: dakika kumi na saa nzima kwake hufanana. Hufikiri kazi ni ya nusu saa, kumbe ni ya saa mbili.

Mtu wa namna hii akizidi kujilaumu hapati nafuu. Anachohitaji ni kujichunguza kama fundi anavyochunguza mashine. Tunashauri afanye hivi kwa wiki moja. Achukue daftari dogo, na kila kazi aandike mambo matatu: alidhani itachukua muda gani, ilichukua muda gani, na ni kitu gani kilichomtoa njiani. Baada ya siku saba ataona njia yake. Pengine ataona kwamba asubuhi anafanya vizuri na alasiri anashindwa. Kwamba simu ndiyo inayomtoa. Kwamba maagizo ya mdomo yanapotea lakini ya maandishi yanabaki. Au kwamba akiwa na njaa hana subira kabisa.

Akishajua hayo, anaacha kuitegemea nia peke yake na anapanga mambo yanayomzunguka. Kazi ngumu anaihamishia asubuhi. Simu anaiacha chumba kingine. Funguo zinakuwa na msumari wake mmoja mlangoni. Huko ndiko kujitambua: kuujua udhaifu na kuuwekea kizuizi mapema.

Kocha ni nani?

Neno kocha tunalijua kutoka uwanja wa mpira. Kocha hachezi badala ya mchezaji. Anasimama pembeni, anaona asichokiona mchezaji, anapiga filimbi, anakumbusha na kutia moyo. Mwaka 1994 madaktari wawili wa Marekani, Edward Hallowell na John Ratey, ambao wao wenyewe wana hali hii, walitoa kitabu kiitwacho Driven to Distraction. Humo walishauri kwamba mwenye ADHD apate kocha wa maisha ya kila siku: mtu wa kuzungumza naye dakika kumi au kumi na tano tu kwa siku, hata kwa simu. Humwuliza unahitaji msaada gani, una wajibu gani leo, umepanga nini, kisha humpa neno la kumtia moyo.

Tangu hapo kazi hiyo imeenea katika nchi za Ulaya na Marekani. Hata hivyo tuwatahadharishe wasomaji: popote pale mtu anaweza kujiita kocha bila kusomea, na kocha si daktari. Haandiki dawa wala hatibu huzuni kubwa.

Je, mafunzo ya namna hii yanasaidia kweli? Utafiti uliofanywa mjini New York na kutangazwa mwaka 2010 uliwachukua watu wazima 88 wenye ADHD. Kwa wiki 12 kundi moja lilifundishwa kupanga muda, kugawa kazi kubwa vipande na kujisimamia. Kundi la pili lilikutana kwa mazungumzo ya kutiana moyo tu. Lile lililofundishwa mbinu ndilo lililopata nafuu zaidi. Fundisho lake ni kwamba upole unahitajika, lakini upole bila mbinu hautoshi.

Mfano wa Michael Phelps

Mwogeleaji Michael Phelps wa Marekani alizaliwa mwaka 1985 katika mji wa Baltimore. Akiwa na umri wa miaka 9 madaktari walisema ana ADHD. Shuleni hakutulia. Mama yake, ambaye alikuwa mwalimu, hakukata tamaa. Kwa kuwa kijana hakupenda kusoma, alimpa kurasa za michezo za gazeti. Wakati wa mashindano, akimwona anaanza kupandwa na hasira, alimwonyesha kwa mkono herufi C, ishara waliyokubaliana ya kumwambia ajitulize. Hakumpigia kelele mbele ya watu.

Akiwa na miaka 11 alimpata kocha Bob Bowman, aliyekaa naye mpaka mwisho. Bowman alimfundisha kila usiku kabla ya kulala, na kila asubuhi akiamka, ayaone mashindano yote kichwani kama filamu, hata yale yanayoweza kuharibika. Mwaka 2008 huko Beijing, katika mita 200 za mtindo wa kipepeo, miwani yake iliingia maji hata asione. Hakubabaika. Alihesabu mapigo ya mikono yake mpaka ukutani, akapata dhahabu na kuvunja rekodi ya dunia kwa dakika 1 na sekunde 52.03. Alipoacha mashindano mwaka 2016 alikuwa na medali 28 za Olimpiki, 23 zikiwa za dhahabu.

Bowman alikuwa kocha wa kuogelea, si wa ADHD. Lakini ratiba isiyobadilika, hatua ndogo ndogo na mtu wa kumwajibisha kila siku ndivyo vitu vile vile tunavyovieleza. Wala tusidhani kwamba medali zilimaliza yote. Phelps mwenyewe ameeleza wazi jinsi alivyopata huzuni kali, na mwaka 2014 aliingia katika kituo cha matibabu kutafuta msaada. Kuomba msaada si aibu hata kwa bingwa.

Vipi kuhusu dawa?

Dawa zipo. Inayojulikana zaidi ni methilifenidati, iliyoanza kuuzwa mwaka 1954 kwa jina la Ritalin. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 1999, uliohusu watoto 579 kwa miezi 14, ulionyesha kwamba dawa inayotolewa kwa uangalifu hupunguza sana dalili zenyewe. Inaweza kupunguza hamu ya kula na usingizi, kwa hiyo hutolewa na daktari tu, ambaye hupima uzito, urefu na mapigo ya moyo. Mtu asinunue mwenyewe, wala asimpe mtoto wake dawa ya mtoto wa jirani. Na dawa haifundishi mtu kupanga siku yake. Hiyo bado ni kazi ya kujifunza.

Tufanye nini nyumbani na shuleni?

Wengi wetu hatuna kocha wa kulipwa karibu. Lakini shangazi, kaka mkubwa, mwalimu au rafiki mwaminifu anaweza kuifanya kazi hiyo, akizingatia haya:

1. Wakutane kwa muda mfupi, kila siku, saa ile ile. Dakika kumi za kila siku zafaa kuliko saa mbili za mara moja kwa mwezi.

2. Atoe agizo moja kwa wakati mmoja, akimtazama mtoto usoni, kisha mtoto alirudie kwa mdomo wake.

3. Kazi kubwa igawanywe. Badala ya "safisha nyumba", aseme "kwanza kusanya vyombo".

4. Wapange mapema kwa maneno ya "ikiwa": "Kengele ya kutoka ikilia, kwanza ninaweka madaftari kwenye mkoba."

5. Akae naye kimya wakati anafanya kazi. Wengi wenye ADHD humaliza kazi kwa sababu tu kuna mtu pembeni.

6. Asifu papo hapo. Sifa ya wiki ijayo haimfikii.

7. Aulize, asihukumu. "Nini kilikukwamisha?" hufungua mdomo wa mtoto. "Kwa nini wewe ni hivi?" huufunga.

Mwalimu naye amketishe mtoto huyo mbele, mbali na dirisha, na amtume kufuta ubao au kuleta chaki ili mwili upate kazi. Viboko havitibu ADHD. Mtoto anayepigwa kila siku kwa jambo asiloweza kulizuia hujifunza neno moja tu: kwamba yeye hafai. Na hilo ndilo linalowapeleka wengi kuacha shule, kunywa pombe na kukata tamaa. Watu wenye ADHD hupata pia ajali barabarani zaidi ya wengine, kwa hiyo kijana aliye nayo asikabidhiwe pikipiki kwa haraka.

Mzazi anayeona dalili hizi aanze kwa mganga wa kituo cha afya cha karibu, ampime mtoto masikio na macho, kisha aombe rufaa kwenda hospitali yenye kitengo cha afya ya akili. Aende na madaftari ya mtoto na maelezo ya mwalimu yaliyoandikwa, kwa maana daktari huhitaji kujua mtoto anavyokuwa mahali pengine. Na yule mtu mzima aliyesoma haya akajiona mwenyewe, asikae na siri hiyo. Aanze leo na daftari la siku saba, kisha amtafute mtu mmoja anayemwamini na kumwomba ampigie simu kila asubuhi kumwuliza swali moja: leo unaanza na lipi?